Baki ni Moja

Baba alituachia shilingi milioni moja,
laki moja na elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja.
Karani wa benki pale Kasese aliisoma mara mbili,
akavua miwani: "Mzee huyu alikuwa na utani."

Moja saba, mstari mmoja,
kama wachimbaji wa zamu ya alfajiri
wakingoja kuitwa langoni Kilembe,
ambako Baba aliandika mishahara
kwa Kiswahili cha mgodini, penseli nyuma ya sikio.

Nasi tu saba. Kwetu Wakonzo
mtu huzaliwa akakuta jina limeshahesabiwa:
Baluku, Bwambale, Masereka, hao wavulana;
Masika, Biira, Kabugho,
na mimi Mbambu, binti wa nne, niliyefunga mlango.

Saba kwa saba, tukasema, kazi ya dakika.
Baluku akagawa juu ya boksi la sabuni:
laki moja na hamsini na nane elfu,
mia saba na thelathini kila mmoja,
baki moja.

Shilingi moja!
Mara ya mwisho kuonekana sokoni
mimi sijaota meno.

"Basi tugawe wanaume tu," Bwambale akasema,
akicheka peke yake. Kwa tatu: baki moja.
Kwa wawili, wa kwanza na wa mwisho: baki moja.
Kwa watano, wasio na shamba: baki moja.
Tukaongeza Mama na baba wadogo, tukawa kumi na mmoja;
tukaongeza mashangazi wawili, kumi na watatu;
tukahesabu hata waliolala matangani, thelathini na saba.
Kila mlango tuliobisha
alitufungulia yule yule mmoja.

Masika akatupa penseli.
"Namba hii ni tasa."

Biira hakuinua uso. Aliendelea kumenya mihogo.
Miaka kumi na minne ya ndoa,
neno lile analijua
kuliko mwalimu yeyote wa hesabu.

Usiku nilifungua daftari la Baba,
lile ambalo mafuriko ya Nyamwamba yalilivimbisha pembe.
Kumbe alitutangulia.
Kumi na saba: baki nane.
Kumi na tisa: baki kumi.
Ishirini na tatu: baki nne.
Kurasa kwa kurasa, mtu anayetafuta chumba
katika mji asiojua mtu,
mpaka mia mbili thelathini na tisa,
na hapo, baki: sifuri,
imezungushiwa duara mpaka karatasi ikatoboka.

239 × 4,649.
Chini ya ya kwanza ameandika: tasa.
Chini ya ya pili: tasa.

Nilimwamsha Biira. Alisoma kwa kidole,
taa ikimtetemekea mkononi.
"Tasa mara tasa," akasema,
kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi yake:
"Na wamezaa milioni!"

Ukurasa wa mwisho ameizidisha namba kwa yenyewe:
1,234,567,654,321.
Imepanda kama mtu anayepanda Rwenzori,
ikafika saba, penye theluji, ikapumua,
ikashuka kwa nyayo zile zile.

Mia mbili thelathini na tisa ni akina nani?
Masereka anasema ni orodha ya mwisho ya mishahara,
kabla mgodi haujafungwa.
Kabugho anasema Baba alipenda hesabu tu, tumwache alale.
Mama tulimuuliza. Alisema chumvi imekwisha.

Tulichukua laki moja na hamsini na nane elfu, mia saba kila mtu.
Zikabaki mia mbili na kumi na moja.
Sarafu ya mia mbili, yenye samaki, tulimpa Biira.
Kumi na moja ziko benki mpaka leo,
moja na moja, bega kwa bega.
Karani anasema hana sarafu ya kuzitolea,
na kitabu chenye kitu hakifungwi.